Visiki vya mikaratusi: jinsi mashine ndogo inavyosaga kinachobaki ardhini

Mwaka 2009, Kenya ilipokuwa katika ukame mkali, Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na katika maeneo oevu iondolewe, kwa hoja kwamba miti hiyo hunywa maji mengi. Agizo hilo lilizua mjadala miongoni mwa wakulima wanaoitegemea miti hiyo kwa kuni, nguzo na mbao. Liliibua pia swali la kiufundi ambalo halijapoteza uzito hadi leo: mkaratusi huondolewaje? Kuukata hakutoshi. Kisiki chake huchipua upya, na baada ya miaka michache mahali palipokuwa na shina moja husimama mashina matatu au manne.

Swali hilo haliishii kando ya mito ya Kenya. Mikaratusi imepandwa kwa wingi pia Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, na kila anayetaka kugeuza shamba la miti kuwa shamba la mazao, kiwanja cha nyumba au barabara hukutana na visiki. Njia iliyozoeleka ni jembe, sururu na shoka. Njia nyingine, iliyoenea Marekani na Ulaya, ni kifaa cha kusaga visiki kinachofungwa kwenye mashine ndogo ya ujenzi au ya shambani na kuzungushwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki. Makala hii inaeleza kifaa hicho kinavyofanya kazi, kinahitaji mashine ya namna gani, hatari zake ni zipi, na wapi hakifai kutumika.

Kwa nini kisiki cha mkaratusi hakifi

Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kuipatia Reli ya Uganda kuni za kuendeshea garimoshi zake. Sifa mbili ziliufanya upendwe: hukua haraka, na huchipua baada ya kukatwa. Mkulima hupanda mara moja, kisha huvuna mara kadhaa kutoka kisiki kilekile. Sifa iyo hiyo huwa kero siku anapotaka kuuondoa.

Chini ya gome la kisiki kuna macho mengi yaliyolala. Shina linapoondolewa macho hayo huamka, na kwa kuwa mizizi yote bado ina akiba ya chakula, machipukizi hukua kwa kasi kuliko mche wowote uliopandwa kwa mkono. Mizizi yenyewe, katika aina nyingi za mikaratusi zinazopandwa Afrika Mashariki, haichipui ikishatenganishwa na kisiki. Maana yake ni kwamba si lazima kufukua mizizi yote ili kuua mti. Inatosha kuharibu kabisa kisiki na shingo yake, yaani sehemu iliyo juu ya ardhi na sentimita kadhaa chini yake ambako gome lenye macho limefika. Hapo ndipo kifaa cha kusaga kinapopata kazi yake.

Si miti yote iliyo hivyo. Msonobari wa aina ya Pinus patula, uliopandwa sana katika nyanda za juu, likiwemo shamba la serikali la Sao Hill wilayani Mufindi nchini Tanzania, hauchipui kutoka kisikini. Kisiki chake kinaweza kuachwa kioze chenyewe, isipokuwa pale kinapozuia jembe la trekta au msingi wa nyumba.

Mashine ilikotoka

Mwaka 1957 ndugu wawili mafundi wa jimbo la Minnesota, Marekani, Cyril na Louis Keller, walitengeneza mashine ndogo ya kupakia kwa ajili ya mfugaji wa batamzinga aliyehitaji kusafisha mabanda yenye nafasi finyu. Mashine hiyo iliweza kugeuka papo hapo bila kuhitaji uwanja mpana. Mwaka uliofuata kampuni ya Melroe ya North Dakota iliuchukua ubunifu huo, na baadaye mashine zake zikajulikana kwa jina la Bobcat. Katika muongo uo huo, kampuni ya Vermeer ya jimbo la Iowa ilianza kuuza mashine ya kukata visiki yenye gurudumu la meno.

Mawazo hayo mawili yalikuja kuungana. Mashine ndogo za kupakia zilipowekewa njia za kupeleka mafuta ya haidroliki mbele, kwenye kifaa chochote kilichofungwa mahali pa sepetu, ikawezekana mashine moja kufanya kazi nyingi: asubuhi inachota mchanga, mchana inachimba mashimo ya nguzo, jioni inasaga visiki. Mwenye mashine hanunui injini mpya kwa kila kazi. Hununua au hukodi kifaa tu.

Kifaa chenyewe kina sehemu chache. Kuna gurudumu la chuma kizito, ambalo mara nyingi kipenyo chake ni nusu mita au zaidi kidogo. Kwenye ukingo na mbavu zake hufungwa meno yenye ncha za kabaidi ya tungsteni, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Kuna mota ya haidroliki inayolizungusha gurudumu, mkono unaoweza kulipeleka kushoto na kulia, na ngao ya chuma au pazia la mpira mzito la kuzuia vipande visiruke. Meno hayachani kisiki kama msumeno. Hukikwangua na kukivunja kuwa maranda.

Nguvu haitoki kwenye injini peke yake

Kosa linalowagharimu watu fedha nyingi ni kuchagua kifaa kwa kutazama ukubwa wa injini. Gurudumu la kusagia halizungushwi na injini moja kwa moja. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta, mafuta hupita katika mipira hadi kwenye mota, na mota ndiyo inayozungusha gurudumu. Kinachoamua kazi ni vitu viwili: mtiririko wa mafuta, unaopimwa kwa lita kwa dakika, na shinikizo lake, linalopimwa kwa bar. Mtiririko huamua gurudumu litazunguka kwa kasi gani. Shinikizo huamua litakuwa na nguvu kiasi gani linapokutana na mti mgumu.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha lita kwa dakika kwa idadi ya bar, kisha gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati. Mashine ndogo ya kupakia inayotoa lita 75 kwa dakika kwa shinikizo la bar 200 inapeleka mbele kilowati 25. Mashine yenye mtiririko mkubwa, inayotoa lita 130 kwa bar 230, inapeleka karibu kilowati 50, yaani maradufu. Mashine ndogo zaidi, ambayo mwendeshaji husimama nyuma yake, ikitoa lita 45 kwa bar 200 inapeleka kilowati 15. Trekta dogo lenye pampu ya lita 25 kwa bar 170 linapeleka kilowati 7 tu, hata kama injini yake ina nguvu zaidi ya hapo. Viwango hivi ni vya juu kabisa. Sehemu ya nguvu hupotea njiani kama joto.

Kila kifaa cha kusaga huja na kiwango chake cha chini na cha juu cha mtiririko. Kikifungwa kwenye mashine yenye mtiririko mdogo, gurudumu huzunguka kwa uvivu na kukwama kila linapogusa mti. Kila linapokwama, mafuta hupita kwenye vali ya usalama badala ya kufanya kazi, na nguvu yote hugeuka joto. Baada ya muda mafuta huchemka, hupoteza uzito wake, na pampu yenyewe huanza kulika. Kikifungwa kwenye mashine yenye mtiririko uliozidi, mota huzunguka kupita kipimo chake na sili zake hupasuka. Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa anayekodisha mashine si ina farasi wangapi, bali inatoa lita ngapi kwa dakika na kwa shinikizo gani.

Jambo la pili ni idadi ya mipira. Mbali na mpira wa kupeleka mafuta na ule wa kuyarudisha, mota nyingi za kusaga visiki zina mpira wa tatu, mwembamba, unaorudisha kwenye tangi mafuta yanayovuja ndani ya mota. Fundi asiyeuzoea huuona kama wa ziada na kuuacha ukining'inia. Matokeo yake ni kwamba shinikizo hujikusanya ndani ya mota na kuifungua sili ndani ya muda mfupi. Mpira huo hufungwa kwanza na kufunguliwa mwisho.

Mashine ipi kwa kazi ipi

Mashine ndogo ya kupakia yenye magurudumu manne ndiyo inayobeba kifaa hiki mara nyingi. Ina mtiririko wa kutosha, ni fupi, na huingia katikati ya nyumba na ua. Yenye minyororo hufaa zaidi kwenye udongo laini, kwa kuwa huutawanya uzito wake na haizami upesi.

Ekskaveta ndogo ina mkono mrefu, hivyo mwendeshaji anaweza kusaga kisiki kilicho ng'ambo ya mtaro au kwenye mteremko bila kuipeleka mashine yenyewe hapo. Kuna pia kifaa cha aina nyingine kwa ekskaveta: pia kubwa ya chuma yenye umbo la skrubu, inayozunguka polepole na kukitoboa kisiki hadi kipasuke. Hiyo hairushi vipande mbali, lakini huacha mabonge makubwa ambayo lazima yaokotwe.

Trekta dogo, kama hesabu iliyotangulia inavyoonyesha, kwa kawaida halina mafuta ya kutosha. Kwa trekta hutengenezwa mashine ya kusaga inayozungushwa na mhimili wa nyuma, ule ule unaoendesha mashine za kukobolea mahindi, ambao hupokea nguvu ya injini bila kupitia pampu. Mwenye trekta hana haja ya kulazimisha kifaa cha haidroliki kisichomfaa.

Namna kazi inavyofanywa

Kazi nzuri huanza kabla mashine haijawashwa. Shina hukatwa kwa msumeno wa moto karibu na ardhi kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila sentimita iliyobaki juu ni muda na mafuta ya dizeli. Udongo na mawe yaliyozunguka kisiki huondolewa kwa jembe. Miti iliyokuwa kwenye mpaka wa shamba huchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa mara nyingi ilitumika kama nguzo za uzio na ndani yake mna misumari na seng'enge iliyomezwa na mti kwa miaka. Jino likigonga chuma huvunjika, na kipande chake huruka kwa kasi ya kutisha.

Baada ya hapo mwendeshaji hujua kilicho chini ya ardhi. Bomba la maji, waya wa umeme uliofukiwa na nyaya za mawasiliano hupita bila alama katika maeneo mengi ya makazi. Mwenye kiwanja, majirani na mashirika ya maji na umeme huulizwa kwanza. Gurudumu halitofautishi mzizi na waya.

Mashine husimamishwa mahali tambarare, ikikitazama kisiki. Kifaa huwashwa injini ikiwa katika mwendo mdogo, kisha mwendo huongezwa hadi gurudumu lifikie kasi yake kamili likiwa bado hewani. Ndipo linashushwa kwenye ukingo wa kisiki, sentimita chache tu, na kupelekwa kushoto na kulia polepole kama mtu anayefyeka. Tabaka moja likiisha, gurudumu hushushwa tena. Mwenye haraka hulizamisha kwa kina mara moja. Gurudumu hukwama, mashine hutikisika na mafuta huchemka. Sikio ndilo kipimo bora: sauti ya gurudumu ikianza kuzama, linainuliwa kidogo mpaka lirudishe kasi.

Kina kinategemea lengo. Kwa kupanda nyasi, sentimita 15 chini ya usawa wa ardhi hutosha. Kwa shamba litakalolimwa kwa trekta, au kwa kuhakikisha kisiki cha mkaratusi hakichipui, sentimita 25 hadi 30 ni salama zaidi, pamoja na kusaga mabega ya mizizi mikubwa yanayoonekana pembeni, maana gome lenye macho hufika huko. Kwa msingi wa nyumba kusaga pekee hakutoshi. Mizizi iliyobaki itaoza na kuacha matundu, hivyo lazima ichimbwe itolewe na shimo lijazwe udongo au changarawe ya kushindiliwa.

Bei pia hueleweka vizuri zaidi kwa hesabu ndogo. Wengi hutoza kwa sentimita ya upana wa kisiki, lakini kazi haikui kwa upana. Hukua kwa eneo. Kisiki cha sentimita 60 si kazi mara mbili ya kisiki cha sentimita 30, bali ni mara nne. Upana wenyewe hupimwa ardhini, pale shina linapotanuka kuwa mizizi, na si juu pa mkato.

Hatari zinazoua na zinazolemaza

Hatari ya kwanza ni vitu vinavyorushwa. Jiwe dogo likipigwa na jino huweza kuruka mbali na kupasua kioo au jicho. Watu wote, hasa watoto wanaovutiwa na mashine, wanapaswa kuwa umbali wa mita 20 au zaidi, au umbali uliotajwa katika kitabu cha mashine ikiwa ni mkubwa kuliko huo. Mashine ndogo ya kupakia inayofanya kazi hii huhitaji mlango wa mbele wa plastiki ngumu isiyopasuka. Kioo cha kawaida, au mlango uliovuliwa kwa sababu ya joto, humwacha mwendeshaji uso kwa uso na vipande. Msaidizi huvaa miwani ya kukinga macho, viziba masikio na viatu vigumu.

Hatari ya pili haionekani. Mpira wa mafuta ukipata tundu dogo kama la sindano, mafuta hutoka kwa shinikizo la kutosha kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Jeraha lake huonekana dogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba, na mara nyingi haliumi sana saa ya kwanza. Lakini mafuta huendelea kuharibu nyama ndani, na asiyepasuliwa na daktari mapema anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Anayepatwa na hali hiyo hapaswi kungoja kuona kama kutavimba. Apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya shinikizo kubwa yaliyoingia mwilini. Palipo na shaka ya uvujaji, mpira haupapaswi kwa mkono kamwe. Injini huzimwa, shinikizo huachiliwa, na pa kuchunguza hupitishwa kipande cha kadibodi.

Hatari ya tatu ni gurudumu lenyewe. Uzito wake hulifanya liendelee kuzunguka kwa muda baada ya mafuta kukatwa. Mwendeshaji hashuki kwenye kiti hadi liwe limesimama kabisa, na habadilishi jino mpaka kifaa kimekaa chini na injini imezimwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwake.

Ya nne ni mteremko, jambo zito katika nchi za milima. Mashine ndogo ni fupi na nyembamba, na kifaa kizito kikiinuliwa mbele yake hubadilisha mahali uzito ulipo. Hupanda na kushuka ikinyooka na mteremko, upande wake mzito ukielekea juu, kifaa kikiwa karibu na ardhi. Kuikatisha mteremko kwa ubavu ni njia fupi ya kuipindua.

Baada ya kusaga

Kisiki kilichosagwa huacha lundo la maranda yaliyochanganyika na udongo, kubwa kuliko shimo lenyewe. Wengi hulirudisha lote shimoni na kupanda juu yake. Mazao hapo huwa ya manjano na dhaifu, kwa sababu vijidudu vya udongo vinavyoozesha mbao hutumia naitrojeni ile ile ambayo mmea ungeitumia. Ni afadhali maranda yatolewe, shimo lijazwe udongo mzuri, na maranda yatandazwe juu ya ardhi kuzuia magugu na kuhifadhi unyevu, mbali na ukuta wa nyumba kwa sababu ya mchwa.

Shamba hukaguliwa tena baada ya miezi miwili au mitatu. Chipukizi lolote la mkaratusi lililojitokeza linaonyesha kipande cha gome kilichokwepa meno. Likiwa changa hung'olewa kwa mkono. Likiachwa mwaka mmoja, huhitaji jembe na shoka upya.

Kwa mashamba ya chai kuna tahadhari ya pekee. Visiki na mizizi ya miti ya zamani huweza kuhifadhi kuvu wa Armillaria, anayeozesha mizizi na ambaye amewasumbua wakulima wa chai wa Kenya. Kuvu huyo huishi katika mbao zilizobaki ardhini, kisha huhamia kwenye mimea mipya. Kusaga kisiki huacha mizizi mahali pake, na kutawanya maranda yenye ugonjwa si jambo la busara. Njia inayoshauriwa huko ni kuambua gome kuzunguka shina muda mrefu kabla ya kukata, ili akiba ya wanga iliyo mizizini iishe na kuvu akose chakula, kisha kung'oa kisiki na mizizi kadiri inavyowezekana.

Mahali ambapo mashine haifai

Kifaa hiki ni cha visiki vichache vilivyotawanyika, au vilivyo mahali pafinyu ambapo katapila kubwa litabomoa kila kitu. Kwa shamba zima la miti, hesabu hukataa. Mikaratusi iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3 ni miti 1,111 kwa hekta. Hata kisiki kimoja kikichukua dakika 10 pekee, hekta moja itahitaji zaidi ya saa 185, yaani siku 23 za kazi ya saa 8, bila kuhesabu kubadilisha meno na kuipumzisha mashine. Mwenye shamba la namna hiyo hufanya vyema zaidi kuua machipukizi, kupanda katikati ya mistari ya visiki, na kuuachia wakati na mchwa kazi iliyobaki.

Kando ya mto pia mashine si jibu la kwanza, ingawa huko ndiko agizo la mwaka 2009 lilikolenga. Mizizi ya mti uliokatwa bado inashikilia ukingo. Mashine nzito hubomoa ukingo huo, udongo uliosagwa huchukuliwa na mvua ya kwanza, na mpira mmoja ukipasuka mafuta huingia majini. Palipo hivyo ni salama zaidi kukata mti, kuvunja machipukizi kila yanapotokeza mpaka akiba ya mizizi iishe, na wakati huohuo kupanda miti ya kienyeji itakayoushikilia ukingo kisiki kinapooza. Ni kazi ya misimu kadhaa inayohitaji panga na uvumilivu, na gharama yake ni ndogo.

Kuchoma kisiki kwa moto, desturi ya maeneo mengi, kuna hatari yake: moto husafiri polepole kwenye mizizi chini ya ardhi na huweza kuibuka siku kadhaa baadaye mahali pengine, hasa wakati wa kiangazi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukodi

Anayetaka kukodi mashine kwa kazi hii anahitaji majibu ya mambo machache kabla ya kulipa malipo ya awali. Mashine inatoa lita ngapi kwa dakika, na kifaa kinahitaji lita ngapi? Mpira wa tatu wa kurudisha mafuta upo na una mahali pa kuunganishwa? Mlango wa mbele upo na ni mzima? Meno yana ncha, na yakivunjika kwenye msumari nani atalipa? Bei inahusu kusaga hadi kina gani, na maranda yatabaki kwa nani? Mwendeshaji amewahi kufanya kazi kwenye mteremko?

Mwenye mashine asiyeweza kujibu swali la kwanza hajui kama kifaa chake kinalingana na mashine yake, na atakayelijua jibu kwa gharama yake mwenyewe ni mteja, siku gurudumu litakapokwama katikati ya kisiki. Mwendeshaji anayelicheka swali la mlango naye hapaswi kupewa kazi, hata bei yake ikiwa nafuu kuliko ya wenzake wote.